Mguu wa Kumi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi saa, na asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, ubishi zaidi. Mpangaji wa dada yangu, yule mtaalamu wa miguu aliyesomea kwao ng'ambo, alikuwa ametoka kutuomba mguu mmoja tu. Bodi ya hapa haimpi leseni mpaka ahudumie watu kumi mbele ya msimamizi. Amepata tisa, na mwisho ni leo saa sita mchana. Miaka miwili msomi wa watu anapiga deki korido za kliniki! Tunampenda, lakini sote tulivuta miguu chini ya benchi. Niseme kweli, niliona aibu.

BREKI (dereva mstaafu): Daktari wa macho sawa, wa meno sawa. Mguu una nini cha kusomea miaka minne?

SPIKA (hanyamazi huyu): Hujui kitu. Bodi inakusanya nyayo zetu. Ukikanyaga tope tu, wanajua umetoka kwa nani.

FUNDI SAA: Mke wangu mwenyewe hajaviona vidole vyangu tangu harusi. Nimwonyeshe mgeni?

MIMI: Si atakukata kucha tu?

FUNDI SAA: Haraka haraka haina baraka. Zangu nakata mwaka hadi mwaka.

BREKI: Na mwenda pole hajikwai. Mimi natembea taratibu, daktari wa nini?

SPIKA: Halafu ukisuguliwa kisigino, ardhi inakukataa. Kuna jamaa aliteleza mpaka mtaa wa pili!

Tulicheka hata hatukumwona yule mtaalamu alivyorudi. Alisimama kando ya Breki, aliyekuwa amekunja nne, akakikodolea macho kiatu cha mzee.

— Shikamoo, baba. Una ugonjwa wa sukari?

— Marahaba, mwanangu. Kidogo tu. Kwani vipi?

— Huo msumari kwenye soli umeingia lini?

Breki akageuza kiatu. Kichwa cha msumari kilikuwa pale katikati, na soksi imelowa damu. Akatutazama. Leo? Jana? Hakuna aliyejua, hata mwenye mguu.

— Mbona hauumi? akauliza kwa sauti ndogo.

— Ndicho ninachokiogopa, baba; sukari huitia miguu ganzi. Usiuchomoe. Niegemee, twende kliniki, msimamizi ananisubiri.

Breki akaweka mkono begani kwake, wakaondoka taratibu. Spika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama na kufungua kamba za viatu. Walipopinda kona, sote tulikuwa tumeshavua viatu, tunakagua nyayo.

— Eti, akasema fundi saa, wa kumi na moja anapokelewa?