Tawakali bin Likwata, Mpanda Baiskeli wa Njia ya Kilwa na Lindi

Wazee wetu wa Kinjumbi, shikamooni, nanyi jamaa mliotoka Kivinje na Pande tangu ugonjwa ulipozidi, assalaam alaykum. Kabla hatujambeba ndugu yetu, familia imenituma mimi, Yunusu bin Bakary, mpwa wake, nisome maisha yake, kwa kuwa wengi wenu mlimjua kwa kengele yake kabla hamjamjua kwa jina.

Marehemu Tawakali bin Likwata alizaliwa Pande, mwezi wa Rajabu, mwaka 1878 kwa hesabu ya Kizungu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Likwata, mkulima wa mtama na mchimbaji wa gundi ya sandarusi, na mkewe Bi Mwahija. Dada yake, Bi Maftaha, ambaye ni mama yangu, aliolewa mapema akaenda kwa mumewe, na mzee Likwata alifariki marehemu akiwa bado mdogo, hivyo alikulia katika nyumba ya watu wawili, yeye na mama yake, akazoea kukaa kimya.

Alisoma Kurani chuoni Pande kwa Mwalimu Hasani, akahitimu mwaka 1890, kisha mwaka 1895 akaenda Kilwa Kivinje kusoma herufi za Kizungu katika shule ya serikali, akasoma miaka miwili, akaacha, kwa maelezo yake mwenyewe kwamba kichwa kilikubali lakini miguu ilikataa kukaa.

Tarehe 3 Februari 1901 aliajiriwa na Bwana Abdulrahmani wa Kivinje, mfanyabiashara wa mpira na sandarusi, ambaye alikuwa ameagiza baiskeli kwa meli, na baada ya kuanguka nayo mara moja hakutaka tena kuiona. Marehemu alijifunza kuipanda ufukweni maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu, akianguka mbele ya wakubwa na wadogo, na kovu la goti la kushoto waliomwosha leo wameliona. Alipoimudu, akapewa kazi ya kupeleka maagizo na vifurushi vidogo kwa mawakala wa tajiri wake, kutoka Kivinje hadi Lindi na kurudi.

Njia ile aliipenda kuliko mtu anavyopenda kazi. Alikuwa akitoka Kivinje kwa kupitia chini ya kilima cha Singino, akiacha minazi nyuma yake, akaingia katika nchi tambarare ya mashamba ya mtama, akavuka mto Mavuji kwa mtumbwi huku ameilaza baiskeli magotini, akafika Pande kunywa uji kwa mama yake, akaendelea Kiswere na Mchinga, akiisukuma kwenye mchanga na kuibeba begani kwenye matope, mpaka mteremko wa mwisho ambapo ghuba ya Lindi huonekana yote, na hapo akainua miguu juu ya pedali akaiacha iende yenyewe. Mpira ukitoboka aliziba kwa utomvu wa mpira wa mwituni, na ukipasuka kabisa aliujaza majani makavu, akaendelea hivyo hivyo, akiruka ruka kama mtu aliyepanda punda mwenye kilema.

Ndivyo alivyokutana na mkewe. Siku moja nje ya Kiswere alikuwa ameinama akijaza majani, msichana aliyekuwa akipita na mtungi akasimama, akasema, "Huyo ng'ombe wako anakula sana." Marehemu, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno, akajibu, "Anakula, lakini maziwa hatoi." Msichana yule alikuwa Kidawa binti Pazi, nao wakafunga ndoa Kiswere tarehe 12 Juni 1903, wakajenga kijijini kwa mzee Pazi, nyuma ya Kiswere, karibu na barabara, na mwezi Machi 1904 wakajaaliwa mtoto mmoja tu, Ziada.

Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza milimani kwa Wamatumbi, marehemu alikuwa Lindi. Aliondoka huko Jumamosi, tarehe 19 Agosti, na kabla ya kufika Kiswere alizuiwa na wapiganaji waliokuwa na mikuki na vibuyu vya dawa. Mkubwa wao akamuuliza, "Wewe mtu wa nani? Wa Mjerumani, au wa nani?" Akajibu, "Mimi mtu wa Kidawa, binti Pazi." Wakacheka, wakamnyunyizia maji yao kichwani, wakampisha.

Nyumbani aliwakuta wakifunga mizigo ili wakajifiche msituni. Kidawa akamwambia, "Iache hiyo baiskeli hapa, twende wote." Lakini mama wa marehemu alikuwa peke yake Pande, na miguu ya mama huyo ilikuwa imeshachoka, na marehemu akaona baiskeli itamfikisha upesi na kumrudisha upesi. "Ijumaa niko hapa na mama," akasema. Kidawa akamfungia mihogo ya kuchoma katika kitambaa, akasimama barabarani na mtoto mgongoni, akimtazama mpaka akakata kona.

Hakuwaona tena wakiwa pamoja. Alimkuta mama yake, akampakia nyuma, na walipokuwa wametoka kidogo tu nje ya Pande, askari wakawakamata, wakisema mtu anayepita salama katikati ya waasi ni mpelelezi wa waasi. Bi Mwahija akaachwa arudi peke yake kwa miguu, naye alifariki Januari 1906, katika njaa iliyofuata mashamba kuchomwa. Marehemu akapelekwa kifungoni Kilwa, kisha akatolewa akafanywa mpagazi wa jeshi, akibeba mizigo ya watu waliokuwa wakichoma nchi aliyoijua kwa majina ya visima vyake, hadi tarehe 8 Februari 1907 alipoachiliwa.

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Kiswere. Alikuta majani yamefika kifuani, vinu vimelala mahali palipokuwa na nyumba, na hakuna hata jogoo. Alipiga hodi, kwa mazoea tu, akajiona mjinga, akakaa chini.

Bwana Abdulrahmani, aliyekuwa ameiokoa baiskeli mikononi mwa askari, akamrudisha kazini, na kwa miaka zaidi ya miwili marehemu akaenda na kurudi njia ya kusini, ambako zamani alishindwa kufika upesi kwa sababu ya kusalimiwa, na sasa angeweza kutembea kutoka asubuhi hadi alasiri asipate wa kumwitikia. Alikuwa akipiga kengele kila palipowahi kuwa na kijiji, ili kama kuna aliyejificha ajue kwamba si askari anayepita. Wachache waliojitokeza, waliokonda kwa kula mizizi ya ming'oko ya porini, aliwauliza swali moja, kama wamemwona mwanamke aitwaye Kidawa mwenye mtoto wa kike, nao wakatikisa kichwa. Alipika mwenyewe, akala mwenyewe, na waliolala naye katika nyumba za wageni wanasema hakuzungumza ila na baiskeli, tena kuhusu mpira tu.

Mwezi Septemba 1909, tajiri wake alifungua biashara huku kaskazini, na kwa mara ya kwanza marehemu akavuka Matandu kwa baiskeli, akafika hapa Kinjumbi. Alikuwa akiomba maji ya kunywa nyumba ya tatu kutoka kisimani, ndipo Bi Kijakazi, mjane wa mvuvi, akatoka, akamtazama yeye, akaitazama baiskeli, akauliza, "Wewe ndiye Tawakali?"

"Ndiye mimi, dada."

"Mbona umechelewa hivi?"

Akaambiwa hapo hapo mlangoni. Kidawa alisikia msituni kwamba mumewe amefungwa Kilwa, akatoka na mtoto wakati wa njaa kumpelekea chakula, akakuta ameshapelekwa upagazi, akaambiwa wapagazi wamepita njia ya kaskazini, akaifuata, mpaka nguvu zikamwishia katika nyumba hii, akafariki tarehe 20 Mei 1906, akiwa amemweleza Bi Kijakazi kwamba mumewe atakuja, na kwamba atamjua kwa chombo chake.

"Mimi nilikuwa namtafuta kusini," marehemu akasema.

"Naye alikuwa anakutafuta huku," Bi Kijakazi akajibu, akampisha aingie.

Ziada alikuwa na miaka mitano, naye alijificha nyuma ya kanga ya Bi Kijakazi, aliyemwita mama, akakataa hata sukari guru. Kesho yake asubuhi marehemu alifunga gunia kwenye karia nyuma ya baiskeli liwe kiti laini, akampakia mwanawe ampeleke Pande, na Bi Kijakazi hakumzuia, alimfungia nguo zake tu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Walipofika kisimani marehemu akasimama, akainamia usukani kwa muda mrefu, kisha akageuza baiskeli, akamrudisha, akamweka mikononi mwa Bi Kijakazi, akaondoka peke yake.

Tangu hapo alikuja kila mwezi. Ziada alimwita bwana wa baiskeli, kisha baba wa baiskeli, na mwaka jana, bila mtu kumfundisha, akaacha kutaja baiskeli. Watu walishauri marehemu na Bi Kijakazi waoane, nao wote wawili walikataa kwa heshima. Yeye alilala barazani, asubuhi akarudi zake Kivinje, katika chumba ambacho tulipokifungua tulikuta mkeka mmoja na kikombe kimoja.

Mwezi Julai mwaka huu wa 1913 alianza kukohoa, akatibiwa Kivinje, akapata nafuu, akazidiwa tena. Tarehe 9 Septemba alifika hapa akiisukuma baiskeli, hakuweza tena kuipanda, na hakurudi. Alilazwa chumbani kwa Bi Kijakazi, naye amefariki leo alfajiri, Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1913, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, binti yake akiwa amemshika mkono.

Inatupasa kusema wazi jambo moja. Sisi wa ukoo tulikuja na nia ya kuondoka na Ziada, kwa kuwa ni damu yetu. Juzi marehemu alituita, akatuambia, "Huyu ana mama yake. Nami nizikeni hapa hapa, kwa Kidawa. Pande nani atanizuru?" Mama yangu alilia sana, akakubali.

Tunamshukuru daktari wa Kivinje na wasaidizi wake, Bwana Abdulrahmani aliyetuma sanda, wavushaji wa Mavuji na Matandu ambao hawakumwacha ng'ambo hata siku moja, majirani wa Kinjumbi waliochota maji na kuchimba kaburi, na Bi Kijakazi, ambaye hakuwa ndugu wa marehemu, wala wa mkewe, wala wa mtoto wao. Tulikuja kumchukua mtoto, tunaondoka tumemwachia Bi Kijakazi mtoto pamoja na baba yake.

Mola akulaze pema, mjomba, na uchovu wako uishie hapa.