Papa Tabora Hapiti Tena

DOMINIQUE: Haloo, Bukavu? Hapa Kisangani, poste. Nani anasema huko? Ni wewe, Évariste?

ÉVARISTE: Ni mimi. Na wewe nani?

DOMINIQUE: Dominique wa simu. Tulisoma pamoja kwa bafrère ba misioni, umeisha kunisahau? Niko na mama yako hapa. Patron ametoka kula, donc musikawie. Mama Berthe, shika. Hapana, geuza. Huku njo masikio.

BERTHE: Haloo? Haloo? Nani iko mule ndani?

ÉVARISTE: Mimi, mama. Évariste. Jambo, mama.

BERTHE: Jambo, mutoto yangu. Umeamka muzuri? Micheline? Batoto?

ÉVARISTE: Bote bazima. Mama, kuko nini? Tangu nifike huku haujapiga simu hata siku moja.

BERTHE: Hapana kuogopa. Mimi niko muzima.

(Waya unalia.)

BERTHE: Papa Tabora amekufa.

ÉVARISTE: Papa Feruzi? Sergent?

BERTHE: Sergent yetu. Tumemuzika juzi. Banaume ba Kiislamu njo bamemubeba, sisi banamuke tulibakia ku parcelle, nyumbani kwake, na kofia yake nyekundu ya uaskari. Hatukujua tuiweke wapi.

ÉVARISTE: Pole, mama. Pole sana. Yule muzee... jogoo haijalia, yeye iko mulangoni na firimbi. "Rapport!" Tunatoka na usingizi, tunasimama, anaita majina ya nyumba muzima —

BERTHE: Na mutaa yote ya Kabondo, nyumba kwa nyumba.

ÉVARISTE: — kama vile tuko camp ya baaskari.

BERTHE: Tangu alirudi vita ya Tabora, kule walipigana na Bajerumani, hakujua kuamka namna ingine. Na wewe ulikuwa unamupigia saluti na mukono wa kushoto.

ÉVARISTE: Juu ya ile alinifagilisha uwanja wake.

BERTHE: Na siku ile kwa jirani Odile, unakumbuka? Odile anasema, "Mutu moja, mimi tu." Muzee anachungulia ndani. "Odile, mutu moja. Viatu vya mwanaume, paire moja." Avenue muzima inasikia.

ÉVARISTE: (Anacheka.) Odile alimufukuza na mwiko.

BERTHE: Kesho yake alipita tena. Na Odile alitoka, akajibu.

ÉVARISTE: Alikuwa mugonjwa, mama? Nani alimu— nani alimukuta?

BERTHE: Unasema nini? Waya inakwaruza.

ÉVARISTE: Nani alimukuta?

BERTHE: Asha, jirani yake. Alimupelekea lituma, ndizi ya kuponda. Ilikuwa siku ya pili, Évariste.

ÉVARISTE: Ya pili?

BERTHE: Siku ya kwanza hakupita. Mimi nilisimama mulangoni, nimeisha kufunga kitambaa, ninangojea. Nikasema, labda ameenda Yanonge kwa mupwa wake, ginsi alizoea. Odile alisema vile vile. Asha vile vile. Kila mutu ku mulango yake, anangojea aitwe.

ÉVARISTE: Na yeye iko ndani.

BERTHE: Na yeye iko ndani. Nyumba zote alipita. Ya kwake, nani alikuwa anapita?

ÉVARISTE: Mama? Uko?

BERTHE: Niko. Unajua kwangu alikuwa anaita batu wangapi?

ÉVARISTE: Moja. Papa alikufa, mimi nikatoka —

BERTHE: Babili. "Berthe?" Mimi ninasema, "Présente." "Évariste?" Ninasema, "Iko Bukavu, kazini." Na yeye, "Bon. Atarudi." Tangu ulipanda camion ya njia ya Bafwasende kwenda huko, hakuruka hata asubui moja.

(Waya unalia.)

ÉVARISTE: Hukuniambia, mama.

BERTHE: Ningekuambia nini? Ilikuwa mambo ya bazee babili ku mulango.

ÉVARISTE: Nitakuja. Kazi ikipungua kidogo. Labda Noël —

BERTHE: Mwaka jana pia ilikuwa Noël.

ÉVARISTE: Alors njoo wewe huku. Micheline atafurahi.

BERTHE: Micheline iko karibu yako?

ÉVARISTE: Hapana, iko nyumbani.

BERTHE: Basi hapana kumusemea. Na kaburi ya papa yako ningemuachia nani? Sikupiga simu juu ya kuhama, mutoto yangu.

ÉVARISTE: Juu ya nini basi?

BERTHE: Tangu siku ile hakuna mutu ameniita jina. Asubui ninafungua mulango, ninasimama, batu banapita na mambo yao. Ninarudi ndani, ninapika chakula, inapoa. Niko peke yangu sana, Évariste. Siku moja na mimi nitalala nisiamke. Wewe utajua lini?

ÉVARISTE: Usiseme vile, mama.

BERTHE: Ninasema. Nani mwingine nitamwambia?

DOMINIQUE: Mama Berthe, patron anarudi. Ninamuona ku barabara. Malizeni.

ÉVARISTE: Dominique, ngojea, ngojea kidogo. Mama, sikiliza. Simama muzuri.

BERTHE: Nimesimama.

ÉVARISTE: Rapport. Berthe?

(Waya unalia kwa nguvu, kisha unanyamaza.)

BERTHE: Présente.

(Anagandamiza simu sikioni.)

BERTHE: Présente, Évariste. Ulisikia? Haloo?

DOMINIQUE: Imekatika, mama.

BERTHE: Ilikatika wakati gani? Mimi nilikuwa nimeisha kujibu?

DOMINIQUE: Bado, mama.

BERTHE: Basi hakusikia.

DOMINIQUE: Mimi nilisikia. Lete simu, mama, tafazali.

BERTHE: Kuko jina ingine. Ita na ile.

DOMINIQUE: Mama, patron —

BERTHE: Ita, mutoto ya batu.

DOMINIQUE: ... Évariste?

BERTHE: Iko Bukavu, kazini.

(Anamrudishia Dominique simu.)

DOMINIQUE: Pitia mulango ya nyuma, mama. Patron ameisha kufika.