Siku Chuma Alipoisifu Plastiki

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi. Asubuhi ile walikuwa watatu: Kinyozi, ambaye hakuwa na kichwa cha kunyoa, Profesa, aliyeishia darasa la sita na kuanzia hapo akajisomesha kwa magazeti ya kufungia sukari, na Chuma. Huyu alikuwa fundi bomba miaka thelathini, mabomba ya chuma matupu, mpaka mtaa ukampa jina la kazi yake. Kikombe alichopewa na Mama Kahawa, aliyeuza kahawa kando ya benchi, kilikuwa kimepoa mkononi. Macho yalikuwa kwenye uchochoro wa kwake. Huko ndani, kwa mara ya kwanza tangu avunjike nyonga, mkewe alikuwa anakwenda chooni peke yake: choo kipya cha ndani, chenye bomba la plastiki lililofungwa na Chuma kwa mikono yake mwenyewe.

— Si uende nyumbani tu! — Kinyozi akamwambia. — Mahangaiko yako yanatupozea kahawa.

— Amenifukuza. Kasema nikiendelea kusimama mlangoni ataita majirani.

— Ana haki. Mtu gani anasimama mlangoni pa choo na spana mkononi?

Chuma akageukia tena uchochoro. Kile kiungo cha mwisho cha bomba hakikumtoka akilini. Bomba la chuma ukilikaza linalalamika, unajua limeshika. Hili unapaka gundi, unasukuma, unazungusha kidogo, basi. Halisemi kitu.

— Profesa, wewe hukuwepo juzi, — Mama Kahawa akachokoza makaa ya jiko lake. — Hujui alivyoanza?

— Mama, hayo yaache, — Chuma akasema.

— Nayaachaje? Alikuja na mashine yake ya kukatia nyuzi za kuungia mabomba, eti aikate plastiki nyuzi kama chuma! Bomba likasagika kama biskuti. Ndipo akakubali kusomewa maelezo ya kwenye kopo la gundi.

— Na gundi ilishika? — Profesa akauliza.

— Ilimshika yeye! Vidole vitatu, saa nzima. Kahawa nilimnywesha mimi, kama mtoto.

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika.

— Chekeni, — Chuma akajikuna shingo. — Lakini nani alisema zamani kwamba plastiki ndiyo mpango?

— Siyo wewe! — Kinyozi akasema. — Wewe ulisema panya watalitafuna kama muwa, na jua litalipasua!

— Nilikuwa nawapima.

— Plastiki ni elimu, — Profesa akaingilia, mguu juu ya mguu. — Chuma kinashika kutu, maji yanatoka rangi ya chai. Hili ndani linateleza, maji hayana pa kushika. Ukimwaga huku, yanafika kule kabla hujamaliza kumwaga.

— Mimi tangu niliweke dukani, — Kinyozi akasema, — nywele za wateja zinaota haraka. Nikimnyoa mtu Jumatatu, Alhamisi ni msitu.

— Mbona leo huna hata kichwa kimoja? — Mama Kahawa akauliza.

— Wamelala. Zinaota vizuri mtu akilala.

— Hilo ni dogo, — Profesa akasema. — Bomba hili halizeeki. Tutakufa sisi, nyumba zitaanguka, lenyewe liko chini limenyooka. Watu wa mbele wakichimba watadhani tulikuwa tunaliabudu.

— Mimi ningeliabudu, — Mama Kahawa akasema. — Zamani maji nilikuwa nachuja kwa kitambaa mara tatu, na bado mlikuwa mnaniambia kahawa yangu ina ladha ya msumari.

— Hata mimi, jamani, nashukuru, — Chuma akasema, na safari hii hakutania. — Mita sita nimezibeba kwa bega moja kwenye uchochoro wetu ule. La chuma tungekuwa wanne, na wote tungelala tukiugulia mgongo. Hili ni jepesi, upepo ukivuma inabidi ulibembeleze. Nikaliwekea mteremko, majitaka yashuke yenyewe, yasirudi. Aliyelibuni, kama ningekuwa na binti, ningemwoza bila barua ya posa.

Ndipo mkongojo ukasikika uchochoroni. Tok. Tok. Wote wakageuka. Mkewe Chuma alikuwa anakuja, hatua kwa hatua, uso umeoshwa unang'aa.

— Shemeji! Karibu, karibu! — Kinyozi akafuta ubao kwa taulo lake.

Chuma hakungoja salamu.

— Limevuja?

— Halijavuja.

— Yamerudi?

— Hayajarudi. Nimeingia mwenyewe, nimetoka mwenyewe, na mlango nimefunga kwa komeo. Mwaka mzima sijajifungia mlango. Asante, mzee wangu. Asante sana.

Benchi likalipuka makofi. Chuma akaimeza ile kahawa baridi kwa mkupuo mmoja.

— Si niliwaambia! Mimi na plastiki...

— Nina swali, — mkewe akasema. — Bomba kuu la majitaka lilipita uchochoroni miaka miwili iliyopita. Majirani wote wakajiunga kwa plastiki hii hii. Sisi tukabaki na choo cha uani. Mvua ikanyesha, nikaenda, nikateleza, nyonga ikavunjika. Na kazi yenyewe umeimaliza kwa siku tatu. Tulikuwa tunangoja nini?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Kinyozi akaanza kukunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Miaka miwili iliyopita, juu ya ubao huu huu, ndio waliompigia makofi Chuma alipoapa kwamba plastiki haitaingia nyumbani kwake.

Chuma akafungua mdomo. Alikuwa na hoja ya panya, alikuwa na ya jua, alikuwa na miaka thelathini ya kazi. Akanyanyuka.

— Kaa, mama, — akamwambia mkewe. — Kaa hapa pangu.

Akakaa. Mama Kahawa akainamisha birika, ikatoka kahawa nusu kikombe, ya mwisho, akampa yeye. Hakuna aliyelalamika. Akainywa polepole, na Chuma akasimama pembeni, amemshikia mkongojo kwa mikono miwili.