Mteremko wa Kwenda, au wa Kurudi?

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, pale barabara inapofika darajani, chini ya bati la Spoku, fundi baiskeli. Mguu mmoja wa benchi ulishaoza, ukawekewa rimu. Upande mmoja hukaa Spoku, mikono imejaa grisi. Upande wa pili hukaa Waziri, mzee ambaye hajawahi kuongoza wizara wala kamati ya harusi, lakini matamko hutoa. Mbele yao, juu ya kigoda, yupo Shangazi na birika lake la kahawa. Hana undugu wa damu na yeyote pale, aliletwa mtaani kuolewa, lakini mtaa wote ni wapwa zake. Na katikati ya benchi, akiyumba na ule mguu wa rimu, anakaa Digrii. Huyu ana shahada ya jiografia. Alisoma mito ya mabara ambayo hatakaa ayakanyage, akafaulu, akavalishwa joho, akapigwa picha, kisha akarudishwa kwenye benchi kusubiri simu za mabwana waliomwambia “tutakutafuta.” Wanamtafuta hadi leo, bila shaka, na namba yake wanayo.

Asubuhi hiyo Digrii hakuwa anasubiri simu. Alikuwa anasubiri mtu. Alikuwa ametangaza mtandaoni safari ya baiskeli: unaanzia darajani, unakata kulia, unafuata bonde la mto kando ya mashamba ya mpunga, unatokea ziwani. Kwa herufi kubwa aliandika: MTEREMKO MTUPU HADI ZIWANI. Chama kimoja cha waendesha baiskeli wa mjini kikavutiwa. Kiongozi wao anakuja kukagua njia, na akiridhika, Digrii ndiye mwongoza misafara yao, kwa mkataba. Kazi. Neno hilo alikuwa analitamka polepole siku hizi, asije akalitisha likakimbia.

Spoku alikuwa anamalizia kukaza baiskeli atakayomwazima.

— Gia nyepesi nimekutengenezea, mdogo wangu. Utaihitaji kwenye kupanda.

— Kupanda wapi?

— Kwenda ziwani.

— Spoku, usinichanganye asubuhi yote hii. Kwenda ziwani ni kushuka. Mto unaingia ziwani, barabara inafuata mto, finished. Hiyo ni basic.

— Nani kakwambia mto unaingia ziwani?

Digrii alianza kucheka kile kicheko chake cha darasani. Kikamfia njiani.

— Mito yote huingia mahali, alisema.

— Sijauliza yote. Nimeuliza huu.

Wote wanne waligeuka. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Maji yalilala chini ya daraja, ya kijani, matete kulia, matete kushoto, yametulia kama chai ya mtu aliyeitwa nje akasahau kurudi.

— Mimi naongea kwa ushahidi, Spoku akasema. Baiskeli zinazotoka ziwani zikifika hapa, breki hakuna. Raba zote zimelika. Mtu hamalizi breki kwa kupanda. Kwa hiyo ziwa liko juu, na mto unatoka huko kuja kwetu.

— Point of correction, akasema Waziri, akiinua kikombe. Breki hizo zimemalizwa na mbuzi.

— Mbuzi wanakula breki?

— Mbuzi wanakatiza barabara, wewe unafunga breki. Bonde lile lina mbuzi kuliko watu. Usisingizie mlima makosa ya mbuzi.

Digrii aliona hapo kuna pa kushika.

— Mzee wangu, kwa hiyo unakubaliana na mimi? Mto unaingia ziwani?

— Sijasema hivyo. Nimesema mbuzi.

Shangazi alimimina kahawa, akakohoa kidogo. Akikohoa hivyo, watu hunyamaza.

— Nyinyi mnabishana, na mimi nimetoka ziwani. Siku naletwa hapa bi harusi, dereva wa lori alizima injini, tukawa tunakuja tu wenyewe, kimya, mpaka darajani.

— Umesikia! Spoku akagonga rimu kwa spana, benchi likayumba. Lori zima linateremka lenyewe!

— Ila walisukuma pia.

— Walisukuma? Digrii aliruka. Walisukuma wapi, Shangazi? Mwanzoni? Katikati?

— Ningeona wapi, mwanangu? Nilikuwa nimejifunika uso, nalia. Nilianza kulia kwetu nikamalizia hapa.

— Lakini hukuhisi kama mnapanda au mnashuka?

— Siku ile kila kitu nilihisi kinashuka.

Digrii alitoa simu. Hapa sasa, alijiambia, ndipo elimu inapotofautiana na umbea. Akafungua ile ramani aliyoitumia kuchora njia usiku wa tangazo, maana mwenyewe hajawahi kufika ziwani hata kwa punda. Mto ulikuwepo, mstari wa bluu. Ziwa lilikuwepo, doa la bluu. Akavuta picha, akaikuza.

— Mshale uko wapi? Waziri akauliza, akichungulia begani.

— Mshale gani?

— Wa kuonyesha maji yanaelekea wapi.

— Ramani haziwekwi mishale, mzee. Kuna urefu kutoka usawa wa bahari, sasa nakuonyesha. Inatafuta… inatafuta…

Bando likakata.

— Mimi sihitaji mshale, Waziri akatangaza. Mwaka wa mafuriko nilisimama pale darajani nikaona mlango wa nyumba unapita juu ya maji. Ulikwenda kulia. Kulia ni ziwani.

— Hata mimi nilisimama pale, Spoku akadakia. Na mlango niliuona. Ulikwenda kushoto.

— Mlango wa rangi gani?

— Bluu.

— Wangu pia ulikuwa wa bluu.

Wakatazamana. Shangazi akaacha kumimina.

— Basi ulirudi, Waziri akasema taratibu, kama mtu aliyegusa siri ya serikali. Jamani, mto huu ni miwili. Wa juu unakwenda, wa chini unarudi. Ndiyo maana leo umesimama. Wanasukumana.

— Waziri! Hiyo haipo kwenye fizikia yoyote duniani!

— Uliitafuta ukaikosa, au hukuitafuta?

— Siku… sikuitafuta, lakini…

— Kaa chini unywe kahawa.

Digrii alikaa. Hasira ilimpanda, na ubaya wake ni kwamba haikujua imwangukie nani. Chuo kilimtahini mito ya theluji, akapata A. Hakuna aliyewahi kumtahini mto uliopo chini ya benchi lake. Ameuvuka tangu ana kaptula za shule, na sasa anautazama kama mpangaji mpya.

Hapo ndipo baiskeli nyembamba, ya barabarani, ilipopinda kutoka barabara ya mjini na kusimama. Mwanamke aliyevaa kofia ngumu alishusha mguu mmoja chini.

— Shikamooni. Namtafuta mwongoza njia.

— Marahaba, mwanangu, karibu kahawa, alisema Shangazi, akamwonyesha Digrii kwa kidevu.

— Ni mimi, dada.

— Nimelipenda tangazo lako. Kwenye chama tuna wanaoanza, na kuna mama mmoja goti lake limepasuliwa juzi juzi. Tutakwenda kwa baiskeli, kurudi tutapanda lori. Kwa hiyo nina swali moja tu. Huo mteremko mtupu ni wa kwenda, au wa kurudi?

Spoku aliinama akaanza kukaza nati iliyokwisha kazwa. Waziri akaanza kutafuta tamko ndani ya kikombe chake. Ukiwa wa kurudi, Digrii alikuwa anawaza, basi atakayefaidi mteremko ni lori.

Shangazi alitikisa birika. Lilikuwa limebaki na machicha tu. Akanyanyuka, akaenda darajani, wote wakamfuata, na akayamwaga majini.

— Yakienda kulia, umepona, alimnong'oneza Digrii.

Machicha yalitua. Yakajikunja duara. Yakakaa pale pale, meusi, kana kwamba nayo yanangoja kuambiwa.

Digrii alifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, tena ya Kiingereza, yale yanayoanza na “technically.” Akayameza.

— Sijui, dada. Sijawahi kuipita.

Mwanamke akageuza baiskeli yake kulia.

— Basi twende tukaone. Kazi yenyewe tutaiongelea tukifika.

Digrii alipanda baiskeli ya Spoku, wakaondoka na barabara ya bonde, matete upande mmoja, mpunga upande wa pili. Nyuma, kutoka darajani, sauti ya fundi ikamfikia:

— Acha kupiga pedeli! Uone kama itakwenda yenyewe!

Akaacha. Miguu ikatulia. Baiskeli ikaendelea, haipungui mwendo, mnyororo unalia tiki-tiki-tiki, mpunga unapita. Inashuka! Furaha ikampanda mpaka kooni. Akageuza shingo awapigie kelele kule darajani, na ndipo alipohisi shati lake mgongoni limetuna, limejaa upepo unaomsukuma kutoka nyuma.