Nyasi za Mgeni na Jua la Darasa la Sita

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi, na mama mpishi ambaye leo kapewa kiti,

MAKARIBISHO
Sisi wanafunzi wa darasa la sita tunakukaribisha uzindue mizani mpya ya shule yetu. Tumefurahi kukuona. Tumefurahi pia kuwa nje.

HISTORIA FUPI
Uwanja huu ulifungwa muhula uliopita ili nyasi zistawi kwa ajili ya ujio wako. Ukapata udhuru, tukasubiri madarasani. Ukapata udhuru tena mara mbili. Nyasi, kama unavyoziona, zimestawi. Na sisi tumestawi.

MAFANIKIO
Muuguzi wa zahanati alikuja kutupima kwa mizani ya kuazima. Waliozidi uzito walikuwa wanne mwaka jana, sasa ni kumi na mmoja. Mwalimu mkuu alielekeza jambo hili liandikwe hapa, kwa kuwa ni ongezeko.

CHANGAMOTO
Muuguzi alitueleza kwamba ngozi hutengeneza vitamini D ikipata jua, na kwamba mwili wenye mafuta mengi huificha humo kwenye mafuta, damu ikabaki na kidogo. Tulimuuliza kipi hutangulia, unene au upungufu. Akasema wataalamu bado wanalichunguza, ila mtoto anayeshinda ndani yuko hatarini kupata vyote viwili.

Mwenzetu Kibonge alipimwa damu, akakutwa na upungufu. Miguu inamuuma, ngazi anapanda kwa kupumzika. Huyu alikuwa golikipa wetu, na golini hakuwa mtu wa mchezo. Siku hizi mapumziko yote yuko dirishani. Kila ulipoahirisha alituuliza utakuja lini, na mara ya mwisho alisema, "Hata akikaa dakika tano tu, mimi nitaligusa goli." Roho zilituuma.

Kibonge ndiye anayekusomea risala hii. Alipewa kiti chini ya turubai, akakikataa.

MAOMBI
Tunaomba uwanja ufunguliwe kila siku, hata siku ambazo huji. Ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu mkuu, aliyeketi kulia kwako. Ikishindikana, tunaomba hotuba yako iwe ndefu.

Mungu akupe afya njema, wewe na watoto wako, na mifupa yenu aitie nguvu.

Ni sisi wanafunzi wa darasa la sita, tuliosimama huku juani.