Wasifu wa Mzee Futi, Fundi Aliyekataa Majeneza ya Maandalizi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Futi, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1952 kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa seremala wa reli na mama muuza mkaa. Alizaliwa ndani ya harufu ya mbao na hakuwahi kutoka humo. Jina la Futi lilimpata ukubwani, kwa sababu macho yake yalikuwa yanapima watu yenyewe. Ukikaa naye kwa kinyozi anakutazama kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino. Kinyozi alikuwa anamgombeza: "Futi, geukia ukutani bwana, unanikimbizia wateja!"

Shule alisoma mpaka darasa la nane. Hesabu zilipanda vizuri, insha hakutaka hata kuzisikia. Mwaka 1973 serikali ilichagua vijana wa kwenda nje kusomea useremala, naye akawemo. Alikopelekwa ni nchi ambayo kila kitu kilipangwa na serikali, kuanzia mkate na viatu mpaka misumari. Alipomaliza masomo hakurudi, akapangiwa karakana ya majeneza kwenye mji mmoja wa mgodi wa makaa. Hakuomba. Alipangiwa.

Kule, alivyokuwa anasimulia, hakuna mteja aliyeingia mlangoni. Kila mwanzo wa mwaka ofisi ya mipango inaleta hesabu: makubwa kadhaa, madogo kadhaa, na urefu wa makubwa ni mmoja kwa wote. Wewe mrefu, utakunjwa magoti, ndiyo mpango huo. Bei haipandi, haishuki, na kuuliza hairuhusiwi. Mwaka 1980 hesabu ikaja karibu mara mbili ya kawaida, nyongeza yote ya wanaume watu wazima. Marehemu akamuuliza msimamizi wake, "Mzee, kwani kuna vita?" Msimamizi hakuinua hata kichwa. "Wewe piga randa."

Mwezi wa tatu shimo la zamani la mgodi, ambalo lilikuwa limefunguliwa tena ili makaa yafikie lengo la wakubwa, likaporomoka na watu ndani. Majeneza yakatosha. Hicho ndicho kilichomnyima usingizi miaka yote, wala siyo vifo vyenyewe. Yalitosha.

Akaondoka, akaingia nchi ya pili, ya soko huria. Huko alikuta majeneza yamepangwa dukani chini ya taa kama magari. Unachagua mpini, unachagua kitambaa, ukitaka la rangi ya maziwa lipo. Hakuna ofisi inayopanga kitu. Ila tajiri wake kila asubuhi alisikiliza utabiri wa hali ya hewa, na akisikia baridi kali inakuja anasugua viganja: "Kazi hiyo, vijana!" Ng'ambo ya barabara tajiri mwingine akafungua duka, wakaanza kuangushana bei, mbao zikapunguzwa unene mpaka ukilinyanyua jeneza unaona mwanga. Halafu bibi kizee wa chumba cha chini, jirani yake Mzee, akafariki. Akakaa mochwari wiki nzima kwa kukosa jeneza, na duka limejaa. Mzee akasema basi, narudi kwetu.

Alirudi mwaka 1990, akafungua karakana ile ile mnayoijua, kando ya mashine ya kusaga. Hapa kwetu hakukuta mpango wala duka la kung'aa. Hapa mtu anafariki kwanza, ndipo ndugu wanatawanyika: huyu kafuata mbao, yule kafuata misumari, umeme nao umekatika. Vijana wa kijiweni walimchokoza sana.

"Sasa Mzee Futi, umezunguka dunia nzima. Nchi ipi afadhali?"

"Kule kwa mpango, jeneza linamngoja mtu. Kule kwa soko, linamngoja mwenye pesa. Hapa kwetu mtu ndiye anayelingoja jeneza."

"Kwa hiyo sisi ndio wa mwisho!"

"Nyie cheka tu. Mambo yetu ni ya kuungaunga, sikatai. Lakini hapa sijapangiwa maiti, na usiku nalala."

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa anamshonea vitambaa vya ndani ya majeneza. Kitanda cha arusi alikitengeneza kwa mikono yake, na mikono ikaenda kwa mazoea. Kikatoka kirefu, chembamba, kina kingo pande zote nne. Bibi arusi akakizunguka, mkono kiunoni. "Mwenzangu, hapa unanioa au unanizika?" Kitanda kikatolewa uani, kikapanuliwa, na Mungu akawajalia watoto watatu. Katika miaka yao yote mama hakuacha kumkumbusha hilo kila wageni wakija.

Sasa tuseme ya mwaka huu, maana yasiposemwa hapa hayatasemwa popote.

Januari, kijana wa manunuzi wa mgodi wa hapo juu aliingia karakanani, shati jeupe, gari linanguruma nje. Akataka majeneza thelathini. Yote ya wanaume, na yawe tayari kabla ya mvua.

"Poleni sana," marehemu akasema. "Msiba wa wapi?"

"Hakuna msiba, mzee wangu. Ni maandalizi tu."

"Maandalizi ya nini?"

"Bei ya madini imepanda duniani, tunafungua lile shimo la zamani. Ofisi inataka kila kitu kiwe stoo mapema. Koleo, kofia, dawa, majeneza. Ni utaratibu."

Marehemu akaweka randa chini. "Na magogo ya kushikilia dari la shimo, mmenunua?"

Kijana akaangalia simu yake. "Hiyo siyo idara yangu."

"Basi toka."

Alikuwa anaifukuza kazi ya mwaka mzima, na alijua. Lakini alijua pia kwamba kitinda mimba wake yuko mgodi huohuo, na ameshaandikwa kundi la kwanza la shimo la zamani.

Machi kifua kilimkamata. Daktari alisema ni mavumbi ya mbao ya miaka yote ile. Akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Kitinda mimba alikuwa anapitia wodini akitoka kazini, na maneno yakawa ni yaleyale.

"Usishuke shimo lile, mwanangu."

"Baba, nisiposhuka wananifuta. Wanangu niwalishe nini, maranda?"

"Mimi hii kitu nimeiona. Kule ulikuwa mpango, hapa ni bei. Jeneza ni lilelile."

"Pumzika mzee, unaumwa."

"Macho yangu yanakupima. Nayazuia, yanakataa. Ondoka hapo mbele yangu, kaa huku ubavuni."

Mzee Futi alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Mwanawe alikuwa chini ya ardhi, habari akazikuta getini alipotoka jioni.

Mnaoliangalia jeneza hili mnajiuliza mbona lina tundu la ufunguo. Jibu ni hili. Jumatano tulizunguka maduka yote ya mbao, ubao mpana hakuna hata mmoja. "Kazibeba zote fundi wa stendi," wakatuambia, "ana oda ya mgodini." Kwa hiyo seremala aliyewasitiri wazazi wenu analala ndani ya milango ya karakana yake mwenyewe. Mama amekishona kitambaa cha ndani, kama alivyowashonea wengine wote. Na yale thelathini yameshafika. Yako stoo ya mgodi, yamefunikwa turubai. Walioyashusha kwenye lori wamo humu kwenye msiba, asiyeamini awaulize.

Marehemu ameacha mjane, sisi mabinti wake wawili, kitinda mimba wake wa kiume, wajukuu watano na dada mmoja. Kampuni ya mgodi imeleta shada la maua, tunashukuru. Imeleta na gari. Lipo pale barabarani linamsubiri kitinda mimba tumalize kufukia, kwa kuwa ruhusa yake inaisha leo na shimo la zamani linafunguliwa na shifti ya jioni.

Mzee wetu amefanya kazi, amesema alichokiona, amechoka. Apumzike kwa amani. Na wewe kaka, gari likipiga honi, kaa chini.