Bi. Cicily Gatwiri na Kiti Kilichokataa Kushuka

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Cicily Gatwiri anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa kahawa hapa Muthara kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa tarishi wetu. Programu hii unayoisoma ndiyo karatasi ya kwanza ya Ushirika ambayo hakuisambaza yeye, na tayari amelalamika kwamba imechelewa.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuchukua nafasi ya Bw. Ndambiri, mtu wa Manyatta kule Embu, mrefu ajabu. Ndambiri alimwachia mfuko wa barua na baiskeli ya ofisi. Baiskeli yenyewe ni chuma kitupu, ya zamani kuliko jengo letu, na kiti chake kilikuwa kimepandishwa kulingana na miguu ya Ndambiri. Cicily naye, kama mnavyomjua, akisimama nyuma ya kaunta unaona kilemba tu. Watu walijaribu kukishusha kile kiti kikakataa katakata. Ikasemwa kwamba bomba la kiti limeshikana na fremu kwa kutu, na hadithi ikaishia hapo.

Basi Cicily akajifunza kuendesha baiskeli asiyoweza kusimama nayo. Kupanda, alipandia kwenye ngazi ya ofisi. Kushuka, alihitaji mahali pa kukanyagia: baraza la duka, ukingo wa daraja, gogo la pale kanisani. Pasipokuwa na kitu, alizunguka tu. Wakulima wa upande wa chini wanamkumbuka akizunguka uani kwao huku akipiga kengele na kuita, "Kujeni mchukue barua, mimi sisimami!" Mwenyekiti mmoja wa zamani aliwahi kutia saini akikimbia kando yake, koti likipepea. Hakuna barua hata moja iliyopotea. Kuku ndio waliokiona cha mtema kuni.

Mwaka wa mvua za El Niño, maji yalipochukua daraja, aliibeba baiskeli begani na mfuko kichwani, akawafikishia wakulima wa ng'ambo tangazo la mkutano mkuu. Simu za mkono zilipoingia tulidhani kazi yake imekwisha. Wapi! Iliongezeka, maana wazee walitaka wapigiwe simu na pia waletewe Cicily.

Mwezi wa Agosti magoti yakaanza kumsumbua. Binti yake Kiende, ambaye ni muuguzi mjini Meru, akatoa amri: mama hapandi tena baiskeli ambayo, akiwa ameketi, miguu yake yote miwili haifiki chini. Cicily alikuwa ameshatuambia hataki zawadi ya saa ya ukutani wala blanketi, anataka baiskeli ile aende nayo nyumbani. Baada ya amri hiyo hakuitaja tena. Akawa anakunywa chai kimya, hamtanii mtu, na ofisi nzima ikapoa. Sisi tulimwonea huruma, na kusema kweli tuliogopa. Tukaamua kwamba kiti kitashuka, liwalo na liwe, na asijue.

Tulimdanganya kwamba baiskeli imechukuliwa na wakaguzi wa mali. Kumbe iko karakana, imepinduliwa magurudumu juu, tunaimiminia mafuta kwenye ungio la bomba na kusubiri yapenye. Hayakupenya. Tukalibana bomba kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa kwenye meza, tukaishika fremu pande zote, karani wa mizani ambaye ndiye mimi, dereva, mlinzi na mhasibu wetu Bw. Nyamu, tukaizungusha. Kilichozunguka ni meza ya karakana. Bomba la watu likaminyika likawa bapa, na bado halikutoka.

Ndipo tulipompigia simu Ndambiri kule Manyatta. Alicheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini.

"Kutu gani? Hiyo kitu haijashika! Kuna bolti hapo nyuma, chini ya kiti, nilikaza mwenyewe na spana. Ama mlipaka rangi juu yake?"

Wageni wetu wafahamu kwamba kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, Ushirika hupaka rangi ya kijani kila mali yake: mizani, viti, geti, mpaka ndoo ya mlinzi. Hakuna anayekwaruza rangi ya zamani kwanza. Tukachukua kisu, tukakwaruza kijani juu ya kijani juu ya kijani, mpaka ikachungulia bolti, salama salimini. Spana iliizungusha bila shida. Bomba likatoka kwa mkono. Tulicheka tukakaa chini sakafuni, kisha tukamfikiria Cicily akizunguka kwenye nyua za watu miaka yote hiyo, tukacheka tena, na Nyamu akafuta macho.

Lakini bomba tulikuwa tumeliharibu. La kwanza tulilonunua lilikuwa jembamba kidogo. Nyamu alipokikalia kiti, alishuka taratibu, uso ukiwa wa heshima tele, hadi akafika kwenye fremu. Tukaipeleka fremu yenyewe Maua, kwa Mahad, muuza vipuri, aliyejaribisha moja baada ya jingine hadi akapata linaloingia kwa kusukumwa na mkono, bila nyundo na bila kuchezacheza. Tukasafisha ndani, tukapaka grisi kidogo, tukalizamisha vya kutosha, tukanyoosha ncha ya kiti ielekee usukani, tukakaza bolti. Faiza wa mapokezi, ambaye kimo chake na cha Cicily ni kimoja, alikalia, akaruka, akakalia tena. Kiti hakikutikisika. Kisha Kiende akaja mwenyewe kukagua, akatazama miguu ya Faiza, akatikisa kichwa kukubali.

Cicily, asante. Ulitufikishia habari za shangwe na za msiba, kwenye matope na kwenye vumbi, na kila ulipopita watu walitoka nje wakicheka. Ofisi itakuwa kimya bila wewe, na hatuupendi ukimya huo hata kabla haujaanza. Tunakutakia afya, na miaka mingi ya kuzurura bila barua ya mtu mfukoni.

Sasa weka soda chini. Baiskeli si ya wakaguzi, ni yako, iko nyuma ya mizani. Toka nje uikalie, kisha uteremshe miguu yote miwili. Inafika.